Kandambili ya Kulia

Mimi ni fundi cherehani. Bahari sijaiona.
Ninayo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi:
mchanga wa Mogadishu, na punje moja ya bluu,
ganda la konokono, alisema kaka yangu Tenywa
aliponiletea, buti za jeshi zingali na vumbi la huko.
Maji yale, dada, yana chumvi, na hayana ng'ambo.
Nikacheka. Maji gani hayana ng'ambo?
Sisi wa Jinja kila maji tunayoyajua yana ng'ambo,
na ng'ambo yupo mtu anafua.

Jumanne moja Kagoya, binti yangu, alirudi na swali la shule:
Taja mambo matatu ambayo mwananchi wa kawaida
anaweza kufanya ili kulinda mahali adhimu pa bahari.
Akaiguguna kalamu. Mama, nchi yetu haina bahari.
Andika hivyo hivyo, nikamwambia.
Mwalimu akampa sifuri nyekundu, ya duara kama kifungo.

Sifuri ile ilinikera mimi kuliko yeye.
Usiku, nikipinda sare za watu,
nikaisikia mvua ikiteremka mtaroni nyuma ya soko
na ndani ya mvua kaveera zetu,
za sukari, za chapati, za nyanya za mia tano,
zikiuwahi mto. Na mto ule, hata mlevi anajua,
hauishii Uganda.

Unapita mabwawa, unapita Kyoga,
unapotea katika matete ya Sudani Kusini,
unajitafuta, unajiokota,
unafika Misri umechoka
na kuutua mzigo wake karibu na fukwe
ambako kasa hupanda usiku kutaga.
Mengi hukwama njiani, najua, simdanganyi mtu.
Lakini kukwama si kutoweka.

Nikachukua magunia saba ya vitunguu, yale mekundu ya wavu,
nikayaunga kwa uzi wa nailoni, mshono wa mara tatu,
kama ninavyoshona suruali ya mwendesha bodaboda.
Mudhasi wa kuchomelea akanipa mkanda wa pipa bovu.
Tukauvika mtaro mdomoni
kama unavyomvika shati mtoto asiyetaka.

Soko likacheka. Nangobi wa mukene ndiye aliyezidi:
Fundi, umeanza kuvua? Nipimie fungu la chupa!
Jumamosi ya kwanza nilitoa karai nne.
Ya pili sita, na panya.
Ya tatu mvua ilichana kila kitu. Nikashona upya.
Siku hiyo Nangobi hakucheka. Alishika karai upande wa pili,
mikono ikinuka samaki, hakusema neno,
na tangu hapo amekosa mara moja tu, alipofiwa.

Sijui kama bahari imejua. Bahari haitoi risiti.

Jana alikuja Mudoola, mtoto wa muuza mkaa,
mguu mmoja umevaa tope,
akauliza kama wavu wangu umenasa kandambili.
Nilikuwa nayo: ya bluu, ya kushoto,
kamba imeshikizwa kwa waya.
Akaitazama. Akautazama mguu wake mtupu.
Hii ninayo, akasema, nyumbani. Naitafuta ya kulia.
Ya kulia ilitangulia, nikamwambia. Usiku ule wavu ulichanika.
Imekwenda wapi?

Nikageukia chupa yangu dirishani,
ile punje ya bluu mchangani.
Miaka minane naifuta vumbi,
jana ndipo nilipoona ukingo wake mmoja
umenyooka, kama uliokatwa na mashine.

Kaa hapa, nikamwambia mtoto.
Nitungie uzi kwenye sindano hii. Ule mnene.